Kubadilisha mipira ya mafuta kwenye Rotax 912 ULS: yote au ya mbele tu?

kaskazi_mld

Assalaam aleikum mafundi. Ndege ni ya viti viwili, bawa la juu, injini Rotax 912 ULS, matangi mawili ndani ya mabawa, inalala uwanja wa Malindi. Mipira ya mafuta inatimiza miaka 5 mwezi ujao. Kwa macho ni mizima, haina ufa wala hainuki petroli. Naomba kuelezwa, lazima itoke yote au ile iliyo upande wa injini tu? Duka la vipuri vya magari mjini lina mpira wa 8 mm unaouzwa kwa mita, umeandikwa SAE J30 R7 (daraja la mpira wa mafuta). Unafaa? Na klipu za kawaida za skrubu zitatosha?

Fundi wa Msabaha

Waaleikum salaam ndugu yangu. Itoke yote, ya injini na ya mabawani. Rotax wanataka mipira ibadilishwe kila miaka 5 hata kama ndege imeruka kidogo, na wana sababu. Mpira wa mafuta mara nyingi huanza kuharibika ndani. Utando wa ndani ukiachana na nyuzi, kipande hulegea: pampu ikivuta kinaziba njia, ukizima injini kinarudi mahali pake. Utatafuta ugonjwa kwenye kabureta wiki nzima na mpira nje unang'aa. Ile ya mabawani nayo hupikwa na jua la hapa ndege ikiwa imeegeshwa tu.

R7 umetengenezwa kwa kabureta za shinikizo dogo, na shinikizo la 912 ni dogo, kati ya bar 0.15 na 0.4 kwa pampu za zamani. Hata hivyo mimi ningelipia R9. Ndani una utando wa fluoroelastoma, unastahimili joto na petroli yenye ethanoli kuliko R7. Mpira wa plastiki unaoona ndani yake usiuguse: hugeuka manjano, hukakamaa, kisha huchomoka. Mara nyingi ni 8 mm kutoka tangi hadi pampu, na 6 mm kwenda kabureta na ule wa kurudi, lakini pima nipeli zako, yaani vijibomba vinavyovikwa mpira, kabla ya kuagiza. Na kama kitabu cha matengenezo cha ndege yako kimetaja aina ya mpira, chukua hiyo hiyo. Kwa ndege za kundi hili neno la aliyeiunda ndilo linalofuatwa.

Klipu zenye matundu kwenye ukanda, hapana. Ukikaza, mpira unapenya matunduni na kukatika taratibu. Tafuta zile za mifumo ya fuel injection, ukanda laini, kingo zimekunjwa nje, chuma kisichoshika kutu. Hewa ya chumvi haina huruma na klipu za bei rahisi.

Kazi yenyewe: funga vali za matangi, toa waya hasi wa betri, unganisha ndege na chombo cha kukingia mafuta kwa waya wa ardhi, kizimamoto kiwe mkononi. Ondoa mpira mmoja, kata mpya wa urefu ule ule, funga, ndipo uende wa pili. Ukivua yote kwa pamoja utachanganya njia. Mpira uliogandia kwenye nipeli usiuvute kwa kuuzungusha, hasa kwenye pampu, maana unaweza kulegeza nipeli yenyewe. Uchane kwa urefu kwa wembe, lakini wembe usifike kwenye chuma. Mkwaruzo mmoja kwenye nipeli ni njia ya mafuta kuvuja, na hakuna klipu itakayouziba.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu. Usikate kwa msumeno. Kata kwa kisu cha mipira au wembe mpya, mkato ulionyooka, halafu pitisha petroli safi ndani na upulize kwa upepo wa kompresa. Unaposukuma mpira kwenye nipeli, ukingo wake unaweza kukwangua uzi mweusi mwembamba kama unywele. Uzi huo ukifika kwenye sindano ya boya, ile inayofunga mafuta kabureta ikijaa, sindano haifungi na kabureta inafurika. Ukifika kwenye jeti, kitundu kinachopima mafuta, upande mmoja wa injini unakosa mafuta. Paka nipeli tone la mafuta ya injini ili mpira uteleze. Grisi na silikoni zisikaribie. Washa za bolti ya banjo (bolti yenye tundu inayopitisha mafuta) zisirudiwe, weka mpya kila unapofungua.

Takaungu_912

Fundi amesema kweli, ila naongeza mambo mawili.

La kwanza ni mpira wa kurudi tangini. Kwenye mfumo wa Rotax njia hiyo ina jeti ya tundu la 0.35 mm. Mtu akibadilisha mipira, jeti hubaki ndani ya kipande cha zamani na kutupwa nacho. Ndege itawaka vizuri, lakini mafuta yatarudi tangini kwa wingi na shinikizo litashuka ukifungua kaba (throttle) yote. Kuziba njia hiyo pia ni kosa: ndiyo inayotoa mvuke mafuta yakichemka chini ya boneti, na joto la kaskazi mwezi wa pili ukisubiri zamu ya kuruka linatosha kuyachemsha. Vilevile ujue unarudi tangi gani. Ukitumia la kulia huku mafuta yanarudi la kushoto lililojaa, yatamwagika nje.

La pili, usiridhike kwa kuwa haivuji. Pima mtiririko. 912 ULS hunywa takriban lita 27 kwa saa wakati wa kupaa kwa nguvu zote, na kipimo cha mfumo wa pampu ni asilimia 125 ya hapo, karibu lita 34 kwa saa. Chomoa mipira miwili kwenye kabureta, iingize kwenye chombo chenye alama, pua ya ndege iinuliwe kama inapanda, mafuta tangini yawe machache, kisha washa pampu ya umeme. Dakika 10 zikupe lita 5.6 au zaidi, na upime kila tangi peke yake. Zikipungua, kuna mpira uliojikunja au filta iliyoziba.

kaskazi_mld

Shukran sana wakubwa. Ala ya kuzuia moto iliyovikwa mipira ya sasa inaonekana nzuri. Naweza kuirudisha?

Fundi wa Msabaha

Iache, kaka. Ikishanyonya oili au petroli inageuka utambi, na kwa nje hutajua. Nunua mpya, uivike kabla hujafunga mwisho wa pili wa mpira, la sivyo utafungua tena. Ncha zake uzizibe kwa dawa yake ya kuzuia moto zisinyonye. Mpira upite mbali na ekzosi na usipinde kwa ukali.

Ukimaliza, pampu ya umeme iwake dakika 5 injini ikiwa imezimwa, na upitie kila kiungo kwa karatasi nyeupe kavu. Halafu washa injini chini hadi ipate moto, zima, acha ipoe, ufungue mabakuli yote mawili ya kabureta, vile vikombe vya chini vinavyoshika mafuta. Ni waya mmoja tu wa kubana. Mimina mafuta yake kwenye chombo cheupe. Ukiona kijiuzi cheusi hata kimoja, osha mipira tena na urudie. Maboya yakiwa mkononi yapime: mawili ya kabureta moja yasizidi gramu 7, yakizidi yameshanyonya mafuta.

Klipu zikague tena baada ya safari ya kwanza, mpira mpya hulala kidogo. Logibuku iandikwe aina ya mpira, tarehe iliyochapwa juu yake na saa za injini, kisha mwenye idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, akague na kusaini kabla ndege haijaruka.