Sukuma wiki ya kando ya Mto Ngong: je, kuichemsha kunaondoa kemikali za viwandani?

Mkaazi wa South B:
Habari zenu. Kwa miaka minne tumekuwa tukinunua mboga kwa mama mmoja mwaminifu sana, na mwezi uliopita ndipo nilipogundua kwamba sukuma wiki na terere zake huchumwa kwenye kishamba kilicho ukingoni mwa Mto Ngong, chini kidogo ya bomba linalomwaga maji meusi kutoka viwandani. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, na tuna mtoto wa miaka mitatu. Mboga huoshwa kwa maji ya chumvi na kuchemshwa mpaka zilainike kabisa. Je, hilo latosha? Mbona hatujaugua hata siku moja?

Afisa wa Lishe:
Ndugu, wasiwasi wako una msingi. Moto huua vijidudu vya kipindupindu, lakini risasi na kadimiamu ni metali, na haziharibiki jikoni. Risasi nyingi hukaa juu ya jani pamoja na vumbi na udongo, kwa hiyo kuosha kwa maji mengi huipunguza. Kadimiamu hufyonzwa na mizizi ikapanda hadi ndani ya majani, ambako hakuna maji ya kuosha yanayoifikia.

Kutougua leo hakuthibitishi lolote, kwa sababu kadimiamu hujikusanya katika figo na huweza kukaa humo miaka 10 hadi 30. Kule Japani, wakaazi wa bonde la Mto Jinzu walikula kwa miaka mingi mchele uliomwagiliwa maji yenye taka za mgodi, mpaka figo zao zikaharibika na mifupa ikawa inavunjika kwa jambo dogo tu. Serikali ilikiri chanzo hicho mwaka 1968, na waathiriwa wengi walikuwa kina mama.

Risasi nayo huhifadhiwa mifupani, na mwili wa mjamzito unapochota kalsiamu humo, risasi hutoka pamoja nayo na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na kinachoumia zaidi ni ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Badilisheni chanzo cha mboga leo, mwombe daktari wa kliniki kipimo cha risasi katika damu ya mama na mtoto, na mle maharagwe, maziwa na omena, kwani mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza sumu hizi kwa wingi zaidi.

Mkulima wa Njiru:
Nililima kando ya mto miaka tisa. Sikufanya hivyo kwa ubaya wa moyo. Mto ndio uliokuwa haukauki. Tena maji taka yana mbolea, hivyo mboga hunawiri kuliko zile za Limuru, na hakuna mnunuzi awezaye kuitambua sumu kwa macho. Zungumza na mama huyo faraghani, usimwaibishe mbele ya wateja. Mimi sasa hupanda kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mbali na mto, nikimwagilia maji ya mvua.

Mkaazi wa South B:
Asanteni. Nimezungumza naye jana jioni, naye akasema watoto wake pia hula mboga hizo. Kliniki imekubali kuwapima mke wangu na mtoto Jumatatu, na nimemwomba mama huyo aje pamoja nasi na wanawe.