Familia ya Gavana Pinchback wa Louisiana: kwa nini mjane na watoto walikimbia baada ya mwenye shamba kufariki?

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Ninafundisha somo la Historia kidato cha tatu hapa Mtwara mjini, na wiki iliyopita, tulipokuwa kwenye mada ya biashara ya watumwa, nilichepuka kidogo nikawasimulia wanafunzi habari za Pinckney Benton Stewart Pinchback, mtu wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kukalia kiti cha ugavana wa jimbo nchini Marekani. Nilichora ubaoni ukoo wake kama ninavyoufahamu. Baba ni William Pinchback, mzungu mwenye shamba kubwa. Mama ni Eliza Stewart, aliyekuwa mtumwa wake, na ambaye alikuwa amekwisha kuachiwa huru mtoto huyo alipozaliwa Macon, Georgia, tarehe 10 Mei 1837, familia ikiwa njiani kuhamia Mississippi. Nikaeleza kwamba mwaka 1847 Pinckney na kaka yake Napoleon walipelekwa shule Cincinnati, katika jimbo la Ohio, na kwamba mwaka uliofuata baba alifariki, na Eliza akalazimika kukimbia na watoto wengine kuwafuata huko huko Cincinnati.

Hapo kijana mmoja wa Kimakonde, anayekaa dawati la nyuma na ambaye kwa kawaida hasemi, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mjomba wao alikuwa wapi?" Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Kwa desturi ya wenyeji wa huku mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye anayetafutwa kwanza linapotokea jambo la msiba, la ndoa au la shamba la mikorosho. Nilibaki na chaki mkononi nikilitazama jina la Eliza, ambalo juu yake hapakuwa na mstari wowote.

Naomba msaada wenu katika mambo mawili. Kwanza, ikiwa mama alikuwa huru na mtoto alizaliwa huru, walikuwa wakikimbia nini hasa? Pili, mali ya baba ilikwenda wapi, hata mtoto wa mwenye shamba akaishia kutafuta kibarua angali mdogo?

Mkazi wa Kivinje

Mwalimu, kabla sijajibu naomba turekebishe neno moja katika kichwa cha mada yako. Umemwita Eliza mjane, na mbele ya sheria ya Mississippi hakuwa mjane, kwa sababu hakuwahi kuhesabiwa mke, ingawa aliishi na William miaka mingi na kumzalia watoto kadhaa. Hilo linajibu swali lako la pili: asiye mke hakurithi, na watoto aliozaa hawakuwa na la kudai mbele ya ndugu wa marehemu. Ndugu hao ndio waliochukua mali, na upande wa Eliza haukupewa kitu.

Swali la kwanza lina mizizi mirefu zaidi. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilitunga sheria iliyosema kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa, baba awe nani. Majimbo ya kusini yaliishika kanuni hiyo hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo uungwana wa Pinckney ulitundikwa kwenye tarehe moja tu, ile ambayo mama yake aliachiwa huru. Ikithibitika kwamba aliachiwa kabla ya kujifungua, mtoto ni muungwana. Ikitiliwa shaka, mtoto anaingia kwenye orodha ya mirathi pamoja na ng'ombe na majembe. Na nani angethibitisha? Katika majimbo mengi ya kusini mtu mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu, na shahidi ambaye neno lake lingesikika alikuwa amekwisha kuzikwa. Mbele ya warithi wenye uchu, hati ya uhuru ni karatasi tu, na karatasi inaweza kukanwa, ikachanwa au ikapotea. Eliza aliogopa kwamba ndugu wa William wangemrudisha utumwani yeye na wanawe, na kwa sheria zilivyokuwa, hofu hiyo haikuwa ya bure.

Sasa linganisha na kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, bandari ambako watumwa waliotolewa upande wa Ziwa Nyasa walipakiwa majahazini kwenda Unguja. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, suria akizaa na bwana wake, na bwana akamkiri mtoto, mtoto huyo ni muungwana na anarithi sawa na watoto wa mke. Mama hauzwi tena, na siku bwana akifa anakuwa huru. Sayyid Barghash, ambaye tarehe 5 Juni 1873 alikubali mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, alikuwa mtoto wa suria. Pinchback aliondoka kwenye ugavana Januari ya mwaka huo huo. Mmoja alirithi kiti cha baba yake bila mtu kumuuliza habari za mama. Mwenzake, kwa sababu ya mama yake, hakurithi hata jembe.

Binti wa Mikindani

Kaka wa Kivinje, nashukuru kwa maelezo ya sheria, ila kwenye habari ya suria umepita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. "Bwana akamkiri mtoto" ni maneno matatu, na yote uliyoyasema yanayategemea. Asipomkiri, je? Na huyo suria alitoka wapi, kama si kwenye misafara iliyoteremka huko kwenu na hapa kwetu Mikindani? Mtoto wa suria alikuwa na baba, naam, lakini wajomba zake walibaki bara, na hakuna aliyewatafuta.

Nadhani jibu la mwanafunzi liko hapo. Mtumwa ni mtu aliyekatwa na wajomba zake. Sheria ile ya Virginia ilimhesabu mtoto upande wa mama, kama wanavyohesabu Wamakonde, Wayao na Wamwera, lakini haikufanya hivyo ili mtoto apate ukoo. Ilifanya hivyo ili anayemmiliki mama ammiliki na mtoto. Ningekuwa mimi mwalimu, ningelitumia swali la kijana huyo kuanzia somo zima.

Kwa kuwa mjomba hakuwapo, mzigo ulimwangukia kaka. Napoleon, aliyekuwa mkubwa, alielemewa na kazi ya kuilea familia hadi akaugua akili, na Pinckney, akiwa na miaka 12, akaacha shule akaenda kuwa mtumishi kwenye mashua za mifereji na baadaye kwenye meli za mvuke za mto Mississippi, ambako aliwatumikia wacheza kamari na kujifunza kwao mambo ambayo sikushauri uyafundishe kidato cha tatu. Mwaka 1860 alimwoa Nina Hawthorne. Vita vilipopamba moto alifika New Orleans, akaandikisha kikosi cha askari weusi na kuwa kapteni wao, kisha akajiuzulu mwaka 1863 kwa kuchoshwa na ubaguzi wa jeshi alilokuwa akilipigania. Mwaka huo huo dada yake Adeline alimwandikia barua akimsihi aishi kama mzungu, kwa kuwa weupe wa ngozi yake ulimruhusu, na mtu asiyemjua asingemtambua. Hakumsikiliza. Mimi nikisoma habari za familia hii huwa nasimama kwenye barua hiyo, kwa sababu dada hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akimwonyesha mdogo wake mlango ambao wengi waliokuwa na rangi kama yake waliingia, wakaufunga nyuma yao na wasiwaone tena ndugu zao.

Mstaafu wa Newala

Wanangu, nimewasoma. Nitagusa mawili tu.

La ugavana lenyewe ni fupi. Oscar Dunn, naibu gavana wa Louisiana, naye mweusi, alifariki Novemba 1871, na Seneti ya jimbo ikamchagua Pinchback kushika nafasi yake. Tarehe 9 Desemba 1872 gavana Henry Clay Warmoth alifunguliwa mashtaka na Baraza la Wawakilishi la jimbo, akasimama kando, na Pinchback akashika madaraka hadi tarehe 13 Januari 1873, alipoingia William Pitt Kellogg. Ni siku 35. Wapo wanaobisha kwamba alikuwa kaimu tu, lakini mimi niliyefanya kazi ofisi za serikali miaka mingi najua kwamba anayetia saini ndiye mwenye kiti. Baada ya hapo alichaguliwa kwenda Seneti ya Marekani, akazungushwa miaka mitatu, na mwaka 1876 akakataliwa kwa kura 32 dhidi ya 29. Mweusi mwingine hakupata ugavana wa jimbo lolote la Marekani mpaka Januari 1990, miaka 117 baadaye. Huyo alikuwa Douglas Wilder, na jimbo lake lilikuwa Virginia, hiyo hiyo ya sheria ya 1662 aliyoitaja ndugu yetu wa Kivinje.

La pili ni Cincinnati. Mji huo uko ukingoni mwa mto Ohio, na ng'ambo yake ni Kentucky, ambako utumwa ulikuwa halali. Hapa Newala ukisimama pale Shimo la Mungu unaiona Ruvuma kule chini, na sisi wa umri wangu tunawakumbuka watu waliovuka na mizigo kichwani miaka ya vita vya Msumbiji. Tulijua kwamba walikuwa wamevuka, lakini masikio yao yalikuwa bado upande wa pili. Eliza naye alikaa namna hiyo, kwa sababu mwaka 1850 Marekani ilipitisha sheria kali ya kuwakamata watumwa waliotoroka hata ndani ya majimbo huru.

Binti wa Mikindani

Shikamoo mzee. Nimekumbuka jambo ambalo Mwalimu atalipenda, nalo linamhusu mjomba.

Pinchback alipozeeka alihamia Washington, na huko binti yake, aliyeitwa Nina kama mama yake, aliachwa na mume, akarudi nyumbani kwa wazazi na mtoto wa kiume aliyezaliwa Desemba 1894. Babu alimpokea kwa sharti kwamba jina la Nathan, alilopewa kwa kumfuata baba yake, libadilishwe. Mtoto huyo ndiye Jean Toomer, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri. Aliyemfungulia vitabu ni Bismarck, kaka wa mama yake. Toomer alisimulia kwamba mjomba huyo, akishakula chakula cha jioni, alijilaza kitandani na kitabu, sigara na kisahani cha matunda yaliyokatwa vipande na kutiwa sukari, na mpwa wake akiwa kando akisikiliza habari za nyota, za nchi za mbali na za watu wa kale.

Toomer alichapisha kitabu chake, Cane, mwaka 1923, baada ya kufundisha kwa muda mfupi Georgia, jimbo alikozaliwa babu yake. Mzee hakukiona kikiwa kimechapwa. Alifariki Washington Desemba 1921, na alizikwa New Orleans.

Mwalimu wa Shangani

Mzee wa Newala, shikamoo. Kaka na dada, nawashukuru sana. Kichwa cha mada nitakiacha kama kilivyo, ili atakayekuja nyuma aone nilivyokosea kwenye neno "mjane" na aone nilivyorekebishwa.

Jumatatu nitauchora ukoo huo upya. Juu ya jina la Eliza nitaacha wazi kama lilivyokuwa, na nitaeleza kwa nini ni wazi. Kwa Nina mdogo nitachora mstari wa kwenda pembeni, kwa kaka zake, na mwingine wa kushuka chini, kwa mwanawe. Halafu nitamwita kijana wa dawati la nyuma, nimpe chaki, aandike mwenyewe jina la mjomba.