Kusoma shahada ukiwa kazini: ada inalipwaje bila kuua mshahara?

Mwanafunzi38
Wakuu, habari za leo. Nina miaka 38, diploma ya uhasibu, mwajiriwa wa halmashauri, mshahara wa msingi 800,000. Nataka shahada bila kuacha kazi. Bodi ya Mikopo inanihusu? Kama hainihusu, kipi bora: mkopo wa benki wa kumaliza ada ya miaka yote 3 kwa mpigo, au SACCOS (chama cha akiba na mikopo) kidogo kidogo? Naomba hesabu, siyo kutiana moyo tu.

Karani_wa_Mishahara
Bodi ya Mikopo weka pembeni mkuu. Kwa shahada ya kwanza wanataka mwombaji asiyezidi miaka 35 na asiye na kipato cha ajira. Wewe unakwama kote kuwili.

Twende kwenye mshahara. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, 5% ni 40,000. NHIF, bima ya afya, 3% ni 24,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 760,000 zinazobaki baada ya PSSSF, nayo ni 68,000. Mkononi unabaki na 668,000, na kama uko chama cha wafanyakazi toa na mchango wake. Sasa kuna kanuni ya theluthi: baada ya makato yote lazima ubakiwe na angalau theluthi ya mshahara wa msingi, kwako ni 266,667. Kwa hiyo nafasi yako ya kukopa ni marejesho ya kama 401,000 kwa mwezi, na SACCOS ikikatwa kwenye mshahara inaingia humo humo.

Usiijaze nafasi hiyo. Ukichukua mkopo wa miaka yote 3 leo, unalipia riba ya ada ya mwaka wa tatu ambayo hata haijadaiwa. Pesa inakaa kwenye akaunti, mtoto anaumwa, paa linavuja, inamegwa. Mwaka wa pili chuo kinadai, nafasi ya kukopa imekwisha, na hapo ndipo watumishi wengi wanapoangukia kwa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali.

Hisa_na_Akiba
Naunga mkono, kopa mwaka kwa mwaka. Ila kabla ya kusaini popote uliza swali moja: riba inapigwa kwenye deni linalobaki, au kwenye mkopo wote hadi mwisho? Chukua 1,500,000 kwa miezi 12, riba 1% kwa mwezi, unarejesha mtaji 125,000 kila mwezi. Riba ya deni linalobaki inaanza 15,000 mwezi wa kwanza na kuishia 1,250 mwezi wa mwisho, jumla 97,500. Ile isiyopungua ni 15,000 kila mwezi, jumla 180,000. Tangazo linasema 1% kote kuwili! Halafu ulizia ada ya fomu na bima ya mkopo, maana mara nyingi hukatwa juu kwa juu kabla hujapewa hela.

SACCOS nyingi hukopesha hadi mara 3 ya akiba, kwa hiyo 1,500,000 inataka uwe na akiba ya 500,000, wadhamini, na muda wa uanachama uliotajwa kwenye masharti yao. Ukijiunga Septemba ukitegemea kukopa Oktoba, umechelewa. Kama unacheza upatu, ongea na kijumbe (anayekusanya michango) mapema zamu yako iangukie mwezi wa usajili. Huo hauna riba kabisa.

Mkondo_Huria
Kwa mtu wa kazini Chuo Kikuu Huria ndicho kinachoelewana na mfuko, kwa sababu ada inaenda kwa yuniti (vipimo vya ukubwa wa masomo) unazosajili. Mwaka mgumu unasajili chache, unalipa chache, unachelewa kumaliza lakini hudaiwi. Tena kina vituo mikoani, nauli na pango vinapungua. Juu ya ada ongeza ada ya ubora ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), 20,000 kwa mwaka, na michango midogo ya chuo.

Malipo: unaingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, unatengeneza bili, unapewa kontroli namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Kwenye M-Pesa ingia sehemu ya malipo ya serikali, au nenda kwa wakala wa benki. Jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lisome. Makosa ninayoyaona kila msimu ni kulipia kontroli namba ya mwenzako, au kung'ang'ania bili iliyokwisha muda badala ya kutengeneza mpya. Umelipa na akaunti bado inaonyesha deni? Usilipe tena. Peleka risiti kwa mhasibu wa kituo. Na mtu yeyote anayekuambia utume ada kwenye namba yake ya simu, achana naye.

Afisa_Rasilimali
Hakuna aliyegusa mwajiri. Omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla bajeti haijapangwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini makadirio huandaliwa miezi mingi nyuma, kwa hiyo barua ya Juni haina fungu. Hata wakikosa pesa, ruhusa ya maandishi ichukue, mitihani isije ikahesabika utoro. Wakikulipia, soma mkataba: unatakiwa kutumikia muda gani baadaye, na ukiacha kazi unarudisha kiasi gani.

Ukiwa mhasibu, angalia pia mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi. Inafanyika Mei na Novemba, unajisomea, na gharama inaweza kugawanyika.

Mwanafunzi38
Asanteni sana. GPA (wastani wa alama) ya diploma ni 2.8, inaathiri hesabu?

Mkondo_Huria
Inaathiri. Kuingia shahada moja kwa moja kwa diploma kunataka GPA 3.0. Kwa 2.8 utapitia kozi ya msingi ya Chuo Huria, inayopokea diploma ya kuanzia 2.0, nayo lazima utoke na 3.0. Kwa hiyo tenga ada ya kozi hiyo kwanza, na mkopo wa shahada usiuguse mpaka matokeo yatoke.