Tupeane uzoefu: kupumzisha mwili kwenye fukwe za Kusini Mashariki mwa Asia baada ya safari ndefu

Mwanzisha mada, Arusha

Ndugu zangu, habari za kazi. Wengi wetu tunaokwenda Thailand, Malaysia au Indonesia kwa biashara, mikutano au likizo hueleza kwa kirefu habari za tiketi na bei za hoteli, lakini ni nadra mtu kueleza namna mwili wake ulivyopumzika baada ya kufika. Naomba tuzungumzie hilo: ulifika ukiwa na hali gani, ukachagua ufuko upi, na ni jambo gani hasa lililokurudishia nguvu.

Naanza mimi. Nafanya biashara ya vito, na tanzanaiti ya Mererani hunipeleka Chanthaburi, mji ulio kusini mashariki mwa Bangkok, ambako soko la vito hufunguliwa kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Pale mnunuzi ndiye anayekaa mezani, na mwenye mawe ndiye anayezunguka kutoka meza hadi meza akifungua vikaratasi vyake. Hebu fikirini kazi hiyo kwa mtu aliyelala kitini ndani ya ndege, akabadilisha ndege Doha au Addis Ababa, kisha akaanza na foleni ya dawati la afya kuonyesha kadi ya homa ya manjano kabla hata hajalifikia dirisha la uhamiaji.

Soko likifungwa huenda bandari ndogo ya Ban Phe, napanda boti hadi kisiwa cha Ko Samet. Siku ya kwanza sikubali ratiba yoyote. Naoga, nakula wali na samaki, kisha naenda kukandwa chini ya turubai pale mchangani. Ukandaji wa Kithai, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2019 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hufanywa ukiwa umevaa nguo, juu ya godoro jembamba, bila mafuta. Mkandaji huanza na nyayo, akapanda taratibu kwa vidole gumba, kisha viwiko, hata magoti, na mwisho hukuvuta mikono na kukupinda mgongo mpaka unasikia mifupa ikialika. Mama aliyenikanda safari iliyopita alikuwa mtu mzima mwenye mikono midogo, lakini alipofika kwenye mabega alisimama papo hapo kwenye fundo lililoletwa na mkoba wa mawe, akalishikilia bila kuongeza nguvu wala kupunguza mpaka likalegea lenyewe. Usiku huo nililala kama jiwe. Sijapata hoteli ya bei yoyote iliyonipa usingizi wa namna hiyo.

Muuguzi, Nairobi

Asante kwa mada nzuri. Naomba kuongeza tahadhari moja, kwa kuwa nimewaona wasafiri waliochelewa. Miguu yote miwili ikivimba kidogo baada ya safari ndefu ya ndege, hilo ni jambo la kawaida na hupungua ukitembea, ukinywa maji na kuinua miguu unapolala. Lakini ukiona mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, usiende kukandwa kabisa. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likisogea hadi kwenye mapafu ni hatari kwa maisha.

Kuhusu usingizi, Thailand iko mbele yetu kwa saa nne, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi ya Phuket ni saa nane za usiku ya Nairobi. Kwenda mashariki huusumbua mwili zaidi kuliko kurudi. Mimi mwenyewe nilipokuwa Krabi nilijilazimisha kutoka nje asubuhi na kutembea ufukweni bila miwani ya jua, kwa kuwa mwanga wa asubuhi ndio unaouambia ubongo kwamba siku imeanza. Wanaolala mchana kutwa ndani ya chumba chenye mapazia mazito hupitisha usiku macho makavu.

Mama wa watoto, Maskati

Nawasalimu nyote kutoka Maskati. Sisi tulikwenda Langkawi, Malaysia, pamoja na watoto na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Unguja ambaye hakuwa amepanda ndege kwa miaka mingi. Kutoka Maskati hadi Kuala Lumpur tulikesha na mtoto mdogo aliyekuwa na homa, na pale uwanjani tukangoja ndege ya pili mpaka kila mmoja akawa hasemi na mwenzake. Nasema haya ili muelewe kwamba tulifika tukiwa hatuna hamu ya bahari wala ya picha.

Kilichotupumzisha kwanza ni wepesi wa mambo ya kila siku. Ukiwa Pantai Cenang, ufuko wa Langkawi, husumbuki kuuliza nyama imechinjwaje, adhana inasikika, na mwanamke akiingia majini na nguo zake za stara hakuna anayemtazama. Mzigo huu mtu haujui mpaka utuliwe. Mume wangu aliwachukua watoto kwa boti kutazama mikoko ya Kilim, nami nikabaki na mama barazani.

Jioni tulikwenda soko la usiku, na hapo ndipo mama alipochangamka. Aliyaona mashokishoki yamerundikwa kwenye ungo, mekundu yenye nywele zake, akaomba kilo mbili kwa Kiswahili bila kujali kama muuzaji anaelewa. Tuliporudi alikaa kitako mkekani, akawa anayapasua kwa kucha za vidole gumba, anamwonyesha kila mjukuu namna ya kulitoa tunda zima bila kulichubua, huku akitaja mashamba ya kwao moja baada ya jingine. Alitaka na doriani, lakini hoteli ilikuwa imebandika tangazo la kulikataza vyumbani, basi tukalila kando ya barabara. Mama alilala mapema siku ile, na asubuhi hakuulizia dawa ya mgongo.

Baharia, Tanga

Mimi huteremka meli Singapore nikimaliza mkataba, na watu hunishauri nikapumzike kisiwa cha Sentosa, hapo hapo Singapore. Ufuko ni safi, sina neno, lakini ukiinua macho unaziona meli zimetia nanga mbele yako, na mimi nikiona meli huanza kuhesabu zamu. Kwa baharia mwenzangu nashauri achague upande unaotazama bahari tupu.

Mshiriki wa mikutano, Kilifi

Mimi chaguo langu ni kisiwa cha Bali, Indonesia. Baada ya mkutano wa Nusa Dua nilihamia Sanur, ambako mwamba huyavunja mawimbi mbali na pwani na maji ya ndani hutulia. Maji yakipwa, watu huenda kwa miguu hadi mbali, kama kwetu. Asubuhi ya kwanza niliwakuta wavuvi wakivuta jukung zao mchangani: dau jembamba, matengo mawili ya mianzi, omo limechongwa na kuchorwa macho. Nimekulia kwenye ngalawa, na nilisimama pale muda mrefu. Wataalamu wa vyombo vya bahari huhusisha ngalawa zetu na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa hivyo.

Bila kupanga, nilikuwa huko wakati wa Nyepi, mwaka mpya wa Wahindu wa Bali, ambao kwa kawaida huwa mwezi Machi. Kwa saa 24 uwanja wa ndege hufungwa, barabara huwa tupu, taa hupunguzwa, na tangu mwaka 2018 hata intaneti ya simu huzimwa. Mgeni naye hukaa ndani ya hoteli. Nilikuwa na ripoti ya kuandika na nilikasirika kidogo, kisha nikalala kuanzia adhuhuri mpaka machweo. Kama kazi yako ndiyo inayokuchosha kuliko ndege, nakushauri kwa moyo wote upange safari yako ikutane na siku hiyo.

Mwanzisha mada, Arusha

Nawashukuru sana, na ushauri wa muuguzi nimeuandika pembeni. Wanaoniuliza majira: Phuket na Krabi hupata mawimbi makali kati ya Mei na Oktoba, na bendera nyekundu ikipandishwa msiingie majini. Koh Samui hunyeshewa zaidi Oktoba hadi Desemba. Ghuba ya Maya, kwenye visiwa vya Phi Phi, hufungwa Agosti na Septemba ili matumbawe na papa wapumue. Bali ni kavu kuanzia Aprili hadi Oktoba. Aliyekwenda Vietnam au Ufilipino hajasema bado, tunamsubiri.