Bakteria wa utumboni mwa wanyamapori: je, ni wale wale wa kwetu?

Mdadisi wa Mikumi:
Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Bakteria aitwaye Escherichia coli (kwa kifupi E. coli) hupatikana utumboni mwa binadamu, ng'ombe, nyani na hata ndege. Ikiwa hao wote wamebeba spishi moja, watafiti wanaochunguza kinyesi cha wanyamapori husema wamekuta tofauti kubwa za kijenetiki kwa maana gani? Na zina manufaa yoyote kwetu tunaoishi kando ya hifadhi?

Mwalimu wa Biolojia:
Jina lisikudanganye. Nasaba (yaani ukoo mmoja ndani ya spishi) ya K-12, inayofugwa maabara na iliyosomwa vinasaba vyake vyote mwaka 1997, ina jozi za besi (herufi za DNA) zipatazo milioni 4.6, ilhali O157:H7, inayosababisha kuhara damu, ina takriban milioni 5.5. Katika ziada hiyo mna jeni za sumu zilizoletwa na virusi vinavyoshambulia bakteria. Sisi hurithi jeni kwa wazazi tu, lakini bakteria huweza kupokezana jeni hata na jirani asiye wa ukoo wake, na ndiyo maana spishi moja hubeba mambo mengi kiasi hicho.

Msomaji wa Fort Portal:
Kuhusu manufaa, mfano ninaoupenda ni wa hapa kwetu Uganda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, E. coli walichukuliwa kutoka kwa watu, mifugo na aina tatu za jamii ya nyani (kima na mbega) katika vipande vya msitu vilivyobaki karibu na hifadhi ya Kibale. Pale msitu ulipoharibiwa zaidi, bakteria wa nyani walifanana na wa watu na mifugo takriban mara tatu kuliko pale ulipoharibiwa kwa kiasi. Kima wenye mkia mwekundu, ambao huingia mashambani kuiba mazao, walikaribiana nasi karibu maradufu kuliko mbega, ambao si wezi wa mashamba kwa kiwango hicho. Kuchunga mifugo nako kuliongeza mfanano huo.

Mdadisi wa Mikumi:
Ahsanteni sana. Basi ni kima wanaotuambukiza?

Mwalimu wa Biolojia:
Hapana, hilo halijathibitishwa. Mfanano huonyesha kwamba kuna njia ya kupitia, lakini hauonyeshi nani amempa nani, na huenda wote wameokota bakteria hao kwenye kisima kimoja, kwa kuwa E. coli huweza kuishi nje ya mwili kwa muda. Dalili kwamba huenda sisi ndio tunaowapa wanyama ni usugu wa dawa: mnyama wa porini ambaye hajawahi kutibiwa akikutwa na bakteria wanaohimili dawa za dukani, ni vigumu kutowashuku watu na mifugo yao. Na kwa kuwa bakteria hao huweza kuishi nje ya mwili, hata udongoni, sampuli huchotwa katikati ya kinyesi kibichi, si upande uliogusa udongo.