Nguzo ya darubini uani: zege, bomba la chuma au matofali?

Isevya_Usiku: Wakuu, habari za jioni. Nina darubini yenye kioo cha inchi 8 hapa Tabora; pamoja na kichwa (sehemu inayoishika na kuizungusha) na vizani vyake vya kusawazisha uzito inakaribia kilo 30. Stendi ya miguu mitatu inanitesa. Nikigusa kidogo tu ili picha iwe safi, pete za Zohali zinaruka, nasubiri sekunde nne au tano zitulie. Udongo wetu ni wa kichanga, ukilowa miguu inazama. Nataka nguzo ya kudumu kabla mvua za Novemba hazijaanza. Nimeshauriwa zege, bomba la chuma au matofali ya kuchoma. Ninyi mlitumia nini?

Fundi_Ipuli: Zege, ndugu yangu. Chimba msingi wa sentimita 80 kwa 80, kina 60, juu yake nguzo ya duara yenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 1.2. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mifuko mitatu ya saruji inatosha. Nondo nne za milimita 12 zianzie kwenye msingi zifike juu, ringi kila sentimita 20. Bolti zifunge kwenye ubao uliotobolewa kwa vipimo vya pleti ya kushikia kichwa chako, uzizamishe zege likiwa bichi, na upime kwa timazi kabla halijashika. Mwagilia siku saba. Usiharakishe kupandisha mzigo. Zege huhesabiwa limekomaa siku ya 28.

Mwanga_Kigoma: Mimi ni mpangaji, kwa hiyo nilichukua bomba la chuma la inchi 6, limechomelewa pleti chini na kufungwa kwa bolti kwenye msingi. Nikihama nalifungua. Likiwa tupu lilikuwa linalia kama kengele! Nililijaza mchanga mkavu, mtikisiko ukapungua sana. Unyevu wa ziwa unaleta kutu, kila kiangazi napaka rangi upya. Ningeanza leo ningetafuta bomba nene zaidi.

Cheyo_Mwl: Ni kweli, unene ndio jambo kubwa. Kwa nguzo ya zege iliyojaa, ukiongeza kipenyo mara mbili ugumu wake dhidi ya kupinda unaongezeka mara 16. Ukiongeza urefu mara mbili, kwa msukumo uleule inapinda mara 8 zaidi. Kwa hiyo jenga nene, na fupi kadiri unavyoweza kuangalia ukiwa umekaa kitini.

Matofali nilijaribu mwenyewe. Kwenye viungo vya udongo na saruji nguzo haina nguvu ya kuvutwa, na bila nondo katikati ilianza kucheza. Niliibomoa.

Fundi_Ipuli: Naongeza moja ambalo watu wengi wanalisahau. Ukitaka kumwaga jamvi (sakafu ya zege) kuzunguka nguzo, acha mwanya wa sentimita mbili au tatu. Jamvi likishikana na nguzo, mtikisiko wa kila hatua yako unapanda hadi kwenye kioo cha darubini.

Mwanga_Kigoma: Na jamvi lisiwe pana. Zege linakunywa jua mchana kutwa, usiku linatoa joto na hewa juu yake inachezacheza. Majani mafupi yanatosha kabisa.

Isevya_Usiku: Shukrani sana. Kichwa changu kinafuata nyota chenyewe. Je, mwelekeo wa bolti una umuhimu?

Cheyo_Mwl: Sana. Ili kifuate nyota, mhimili wa kichwa lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzunguka. Tupo kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo ncha ya anga ya kusini iko nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho, mara nyingi nyuma ya miembe. Vichwa vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya nchi za Ulaya havishuki kiasi hicho. Pima chako kwanza. Kikikataa, mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze kabari ya chuma ya kuweka juu ya nguzo.

Kusini halisi itafute kwa kivuli cha uzi wa timazi. Adhuhuri ya jua hapa Tabora ni kama saa 6:49 mchana, ikiwahi au kuchelewa hadi robo saa kutegemea mwezi. Fanya Juni: uzi wa mita mbili unatoa kivuli cha zaidi ya mita moja, kinachoelekea kusini. Mwanzoni mwa Oktoba jua linakuwa utosini, hutapata kivuli cha kupima.

Isevya_Usiku: Nimeelewa, mwalimu. Nachagua zege, sentimita 30, bila jamvi. Kesho naanza kupima kichwa. Kivuli nitapima mwezi huu huu, kabla ya kuchimba.