Huyu muuza gesi wa kona atatumaliza mtaa mzima

Wakuu, mikono bado inanitetemeka. Yule jamaa wa mitungi pale kona mnamjua, msinilazimishe nimtaje. Kaniletea mtungi wa kilo 15, kaufunga, harufu ikapiga jikoni. Nikamwambia kaka, inavuja. Akatoa kiberiti. KIBERITI! Akawasha, akainama nacho kwenye valvu, eti "tuone inavujia wapi."

Ndani kuna watoto, na bibi yao kalala. Nilipiga yowe lililosikika mpaka Kibaha. Nikampokonya, naye ananuna! "Dada, kazi hii naifanya tangu hujaolewa." Kiberiti, jamani!

Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya sakafuni. Yenyewe haina harufu, wameitia makusudi ili pua itustue. Sasa pua imeshatustua, mtu anawasha njiti! Paka povu la sabuni kwenye valvu na mpira. Likitoa mapovu, funga mtungi, fungua milango, swichi usiguse. Nilipomfukuza nikapaka: povu linachemka, kimpira cha ndani kimechanika. Na yeye alikuwa na njiti inawaka pale pale!

MzeeWaBaraza: Mwaka wa tatu ananiletea mimi, hajalipua mtu. Dada una presha.

Mleta uzi: Subiri upige 114 ya zimamoto nyusi zikiwa zimeshaungua. KIBERITI, mzee!

Chausiku_: Si ndiye anayelaza mitungi kwenye bodaboda? Mtungi husimama wima!

FundiWaya: Gesi ina nafuu. Mwenye nyumba wangu fyuzi imekatika, kachomeka waya wa shaba. Sasa haikati tena, ukuta ndio unapata moto.

Mpangaji77: Wako malaika. Wangu kapiga nondo madirisha yote, geti moja, saa nne usiku kufuli, funguo analala nazo. Moto ukiwaka tutokee wapi?

Chausiku_: Saa nne? Kwetu saa tatu! Juzi nimelala kwa shoga yangu.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye kiberiti.

Mpangaji77: Dada, kiberiti kimeshazimika. Mimi funguo sina mpaka leo.

KijanaWaMbezi: Hapo kwa Mpangaji kuna chumba kimebaki? Kodi bei gani?

FundiWaya: Uliza kwanza umeme wa luku mnachangia wangapi.